Ngozi Kutoka Sumatra

Boksi lilipasuka likiwa hewani. Wilondja aliteremsha haraka vyuma vya foklifti, lakini ngozi moja ilikwishateleza ikaanguka sakafuni, kavu, ikalia kama bati. Ubavuni mwa boksi palichorwa samaki. Ngozi ile haikuwa ya samaki. Ilijaa alama za magamba makubwa, zilizolaliana safu kwa safu, na Wilondja, mkimbizi Mlega aliyekulia misitu ya Mwenga, aliinama kuitazama.

"Kakakuona," alisema.

Humphrey, msimamizi wake pale ghalani, Mtanzania mwenye tai safi na ulimi mwepesi, aliikanyaga ngozi kama anayezima sigara.

"Umeona samaki, mzee wangu. Tena wa kukaanga."

"Miye najua huyu mnyama, chef," alisema, akimwita bosi kwa desturi ya kwao.

"Hata mimi namjua. Kafa Sumatra, kapita bandari ya Houston, wiki ijayo atakuwa buti za mtu. Biashara yake wameipiga marufuku, misitu ya kule wameshaikomba. Sasa mrudishe ndani, mpandishe rafu ya juu kabisa. Mkaguzi anakuja mchana."

"Ziko ngapi?"

"Mstari wote huu."

Wilondja hakusogea. Kwao kakakuona hauawi. Ndiye aliyewafundisha mababu kuezeka, jani lilalie jani kama magamba yake, mvua ibaki nje. Akikutwa amekufa porini, hamgusi mtu mpaka wazee waitwe. Na hapa alikuwa amejazwa kwenye maboksi kama sabuni.

"Marguerite anakuja lini?" Humphrey aliuliza, sauti chini.

Swali lilimpata pabaya. Mkewe alikuwa bado kambini Nyarugusu, na ofisi ya wakimbizi ya Fort Worth haikumficha Wilondja: bila kazi, faili la mkewe halisogei. Jumapili kwenye simu, Marguerite alimwambia turubai limetoboka, analala na sufuria tumboni ikinge maji. Akacheka. "Na nyumba yako huko, inavuja?"

Wilondja aliyapandisha maboksi yote.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye tochi kubwa. Alipita njia moja baada ya nyingine, Humphrey akimfuata huku akitabasamu mpaka mashavu yakamchoka. Mbele ya Wilondja alisimama, akamulika juu, akauliza jambo kwa Kiingereza. Humphrey akajitia mkalimani.

"Anauliza kule juu kuna nini. Cheka kidogo, sema samaki. Kazi hii nilikuombea kwa magoti, mzee. Nina watoto DeSoto, nyumba bado ya benki. Usinizike."

"Mwambie jina la mnyama."

Humphrey alimgeukia mkaguzi, akajibu kwa furaha neno moja. Kiingereza cha Wilondja kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno hilo alilijua. Lilikuwa jina la yule aliyechorwa kwenye kila boksi.

Mkaguzi aliitikia kwa kichwa, akaanza kuondoka.

Wilondja alipanda foklifti akawasha. Mkaguzi aligeuka.

"Zima!" Humphrey alisema, tabasamu likiwa bado usoni, limeganda. "Wilondja, nakuomba. Mfikirie mkeo!"

Alikuwa akimfikiria. Ndiyo maana vyuma viligonga rafu mara mbili kabla ya kuingia chini ya mzigo. Aliliweka boksi miguuni pa mkaguzi taratibu, kama mtu anayelaza mtoto asiamke, kisha akazima injini, akavua kofia.

Mkaguzi alichana gundi. Alitazama ndani, akamtazama Wilondja, akauliza kitu.

"Anasemaje?" Wilondja alimgeukia Humphrey.

Humphrey alifuta jasho kwa ncha ya tai. "Anauliza umejuaje."

Wilondja aliinama, akaitoa ngozi moja kwa mikono miwili. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani.

"Mwambie huyu ndiye alifundisha wazee wetu kuezeka nyumba. Mwambie hivyo hivyo, chef. Usipunguze."

Humphrey alitazama rafu za juu, mstari wote ule. Mkaguzi alisubiri, tochi mkononi inawaka bure. Wilondja alipitisha kidole kwenye alama zile, moja hadi nyingine, polepole, akitafuta mahali ambapo maji yangepenya.