Pale Glavu Inapoishia

...na kwa nini amenivutia kiti, msimamizi huyu ambaye siku zote hutusemesha tumesimama, leo ni kaa mama, kaa, kalamu ameshaitoa kifuniko, karatasi ameigeuzia kwangu, "Soma taratibu, halafu weka sahihi hapo chini," nasoma, ni maneno yangu mwenyewe ya asubuhi ila yamepigwa pasi, kwamba mimi, mfuaji wa shuka za hospitali kwa miaka sita, nimetiliwa upupu ndani ya glavu na mwenzangu, yule tunayemwita Mrefu, kwa wivu, na kwamba aachishwe kazi leo hii... na ni kweli, nani mwingine, tangu itangazwe kuwa nitakuwa mnyapara wa chumba cha kufulia haishi kunikejeli, "Bosi, shikamoo," mtu ananizidi umri, shikamoo ya nini, na juma hilohilo mikono ikaanza kuwaka, malengelenge, ngozi inachanika kati ya vidole, unga siwezi kukanda, binti yangu ndiye anayenifunga vifungo vya blauzi, "Tulia basi, mama," ananiambia, mimi niliyemzaa... na Mrefu tunaloweka shuka pamoja, maji yaleyale, dawa ileile ya madoa, mikono yake laini kama ya bibi harusi, tena glavu havai, anasema zinamnukia mpira, sasa asiyevaa haguswi, mimi ninayevaa mbilimbili naungua, kama si mkono wa mtu ni nini, nikamwambia hivyo msimamizi na akakubali upesi, upesi mno, mtu aliyehitaji mashahidi watatu kuamini kwamba mashine imenibana kidole... "Unajikuna tena, mama," msimamizi ananiambia, sijikuni, nasugua tu kwenye sketi... huko nje sauti ya Mrefu, ameshaitwa, anamwambia mlinzi, "Kwani nimefanya nini, nimevaa shuka ya mgonjwa nikaenda nayo harusini?" mlinzi anaangua kicheko, Mrefu hajui kitu, mwanamke wa watu, watoto wanne na mume anayeumwa mgongo, anacheka... au anajifanya, mtu mbaya naye hucheka... mikono yangu iko mezani kama ya mtu mwingine, wekundu unaishia kwenye kifundo, umekatika sawasawa kama umepigwa rula, pale glavu inapoishia, naam, si ndiyo nasema, upupu ulikuwa ndani... lakini upupu hauna adabu hiyo, ungepanda kwenye kiwiko, ungerukia shingo, na Jumapili je, Jumapili nilikuwa kwangu naosha sufuria, nimevaa jozi mpya ya glavu hizihizi za kazini ili sabuni isinichome, pakiti nimeichana mwenyewe kwa meno, nani aliingia humo, na jioni vidole vilivimba mpaka pete ikakatwa kwa koleo, nikamlaani Mrefu, aliyekuwa kwake siku nzima... glavu zenyewe, basi, zenyewe, hizi nyeupe zilizoletwa juma lilelile la tangazo, zile za njano zilipokwisha, na mimi kila nilipoungua nikaongeza nyingine juu, yeye asiyevaa mzima, mimi ninayevaa mbili naoza, nimelishika jambo kinyumenyume mwezi mzima... maboksi yamejaa stoo mpaka darini, nani aliyeyaagiza, nani aliyeyapokea, na msimamizi mbona hanitazami usoni, anatazama vifundo vyangu, anajua, huenda alijua kabla yangu, ndiyo maana ya kiti, ndiyo maana ya mama kaa mama... "Mama, kuna shida? Ni sahihi tu," lakini jina la Mrefu hakunitia mdomoni, lazima niseme hilo angalau kichwani mwangu, nililitaja mwenyewe, yeye aliandika tu, karatasi hii isingekuwapo bila mdomo wangu, na nikisema sasa ni glavu ataniuliza asubuhi nilikuwa nasema nini, na unyapara nao kwaheri, nikinyamaza... mlango unagongwa, haujafunguliwa, ni sauti ya Mrefu tu inayopenya, "Mwenzangu, umo humo? Wamekuonea tena? Ngoja niingie, leo watanisikia."