Mgeni Kwenye Laini

Oloya alikuwa fundi wa simu mwenye mikono mizuri na mdomo mbaya, na mwenyewe alilijua hilo kuliko wote waliomcheka kazini. Ilikuwa miaka ya utawala wa jeshi. Kampala nzima ilikuwa imejifunza kumeza maneno, ila yeye, akikutana na simu mbovu, lazima atoe hotuba.

Siku hiyo aliitwa Naguru, nyumbani kwa Inspekta Kamis wa polisi. Inspekta alilalamika kwamba simu yake inaongea yenyewe, akampa asikilize. Kweli, nyuma ya mlio wa kawaida alikuwamo mwanamume anaongea, maneno yake hayashikiki, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Oloya hakuhitaji hata kufungua mkoba. Alichungulia dirishani akauona mlingoti wa redio ya serikali hapo jirani, na waya wa simu umevutwa kuelekea huko huko. Waya ulikuwa unadaka redio, basi. Mafundi wenzake waliiita sauti ya namna hiyo mgeni, kwa kuwa huingia bila kualikwa.

"Afande, kuna mgeni kwenye laini," alisema, akainama kutafuta bisibisi huku akijiona daktari bingwa.

Alipoinua kichwa, Inspekta hayupo. Alirudi amemkaba ukosi jirani wa ng'ambo ya ua, Kakule, mshona nguo aliyekimbia vita Kongo, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Mkewe Séraphine alifuata nyuma, mkono mdomoni. Pale mtaani mgeni alikuwa mmoja tu, na Inspekta alikuwa amempata.

"Mukubwa, miye sijuwe simu," Kakule alisema. "Minashonaka nguo tu."

Watu waliochukuliwa siku zile hawakurudi, na huyu angechukuliwa kwa neno la utani la karakana. Oloya akamsihi Inspekta asikilize tena: Kakule huyu hapa, kafunga mdomo, na sauti inaendelea kuongea. Kamis alisikiliza, akamtazama Kakule midomo, akasikiliza tena.

"Sasa nani iko ndani?"

"Ni serikali, afande. Redio yake, ya mlingoti ule."

Inspekta akasimama wima, simu sikioni. Hapo mtu mwenye akili angemshukuru Mungu na kunyamaza. Oloya akamwaga elimu yote. Alieleza kwamba kanuni iko wazi, redio yenye kibali haiguswi, inayotibiwa ni simu. Kwamba yeye angefunga kapasita, kidude kidogo kama punje ya haragwe, kichuje ile sauti mpaka ife.

"Wewe nataka funga serikali mudomo?" Kamis aliuliza taratibu.

Oloya akatambua kwamba sasa wa kuchukuliwa ni wawili. Alitafuta kichwani neno la kitaalamu la kumwokoa, asipate hata moja. Kwa mara ya kwanza alisema kitu cha kawaida tu.

"Hapana, afande. Serikali itaongea vilevile. Ni simu tunaiziba masikio, maana haina ruhusa ya kusikia mambo ya wakubwa."

Kamis alifikiri sana. Kisha akauachia ukosi wa Kakule, akasema simu hiyo imezidi adabu mbaya, izibwe upesi. Oloya aliifunga kapasita baada ya kuiangusha mara kadhaa, na sauti ikatoweka.

Alipotoka aliwakuta Kakule na Séraphine wamesimama langoni kwao. Aibu ilikuwa imemjaa, lakini Oloya ni Oloya: kwa mbali alikuwa ameanza kujihesabu mwokozi. Akapunguza mwendo, akatengeneza uso wa mtu mnyenyekevu anayengoja kushukuriwa.

"Papa fundi," Kakule alimwambia kwa upole, "siye hatuna simu. Siku tutapata, ikiharibika, tafadhali usikuje."