Ng'ombe Mzee na Kunde za Mjane

Mjane yule na ng'ombe walikuwa hawaivi chungu kimoja, au ndivyo watu walivyoamini. Ng'ombe wa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, wakikanyaga jani moja tu la kunde zake, siku hiyo hapakaliki.

Sasa kijiji kilikuwa kinapanga ardhi. Miti ya chemchemi isiguswe, mashamba yabaki na wenyewe, ng'ombe wapate njia moja ya kwendea majini. Njia ipite wapi? Wakabishana wiki mbili mpaka mpima ardhi akachoka.

"Asubuhi tumfungulie ng'ombe wenu mzee, yule anayetangulia wenzake," alisema. "Atakapopita, hapo hapo napiga vigingi."

Wote wakakubali, mjane akiwa wa kwanza. Ng'ombe yule huenda majini kwa kupitia vichakani, mbali na kile kipande cha kunde kinachomlisha mjane. Na pumba, alijipa moyo, ni za jioni.

Ndiyo, pumba. Kila jioni, shemeji akiwa bado anafunga ndama, ng'ombe mzee alichepuka akaja kula kwa mjane kwa siri. Mjane alimlea mwenyewe kwa mkono tangu ndama, kabla mumewe hajampa mdogo wake. Angemfukuzaje?

Asubuhi ng'ombe akatoka taratibu, watu nyuma yake. Alipofika vichakani akasimama, akafikiri. Kisha, bila haya, akakata kona, akapita katikati ya kunde mpaka mlango wa jikoni, akaingiza kichwa kwenye ndoo ya pumba.

Watu wakamgeukia mjane. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama, tulikubaliana," mpima ardhi alisema kwa upole.

"Piga tu," mjane akajibu. Shamba limekwenda, tena kwa mkono wake mwenyewe.

Shemeji alichukua kigingi, akarudi hadi vichakani, akakipigilia.

"Njia ni hapa," alisema.

"Lakini ng'ombe kapita kule," mpima ardhi akamwambia.

"Tulikuwa tunatafuta njia ya majini. Huyu alikuwa anakwenda kwao."

Mpima ardhi akapigilia kigingi cha pili hapo hapo. Mjane alifuta macho kwa upindo wa nguo, akainua ndoo mbele ya watu wote, akatangulia kuelekea vichakani. Ng'ombe akamfuata.

"Kuanzia leo atakula huku, shemeji," alisema. "Na kunde zangu mniachie."