Jina Fupi la Sheria Ndefu

Jumatano moja ya mwaka 1998, siku ya soko la wanawake mjini Ibra, Omani, Mabruka alikuwa akibadilisha utepe wa taipureta katika ofisi yake ya kuchapa maombi, mara sheria ya Kiingereza ikaingia. Ilikuwa nyembamba, ina miaka mia mbili na sitini, na jina lake lenye maneno tisini na manne liliburuta nyuma mpaka barabarani, magari yakilizunguka.

"Shikamoo," alisema Mabruka, maana mkubwa ni mkubwa.

"Marahaba, binti. Kiswahili nimekipata mahakamani Unguja."

Akaimiminia kahawa. Haikujua kutikisa finjani kuonyesha imetosheka, kwa hiyo ikanywa kumi na moja. Katikati ya kunywa ikaeleza shida yake. Mwaka 1896 Bunge la Kiingereza lilipitisha sheria ya kuzigawia sheria kongwe majina mafupi: safu moja mwaka wa utawala wa mfalme na namba ya sura, safu ya pili jina jipya na mwaka wake. Wenzake wengi walipata. Yenyewe ilisahauliwa.

"Sheria haijipi jina," ilisema. "Lazima itajwe na sheria nyingine."

Mabruka akafurahi: kama sheria hutajwa na nyingine, hii nayo ingeweza kumtaja yeye. Faili lake mwenyewe lilikuwa na miaka tisa likisubiri jina kwa Karani Khattab, Jumamosi baada ya Jumamosi. Marehemu baba yake, walipohamia kutoka Kigoma, aliandikisha majina matatu na kuacha la kabila, ambalo huku ni lazima, kwani Kigoma nani asiyemjua? Sasa chuo kilimtaka Maram, binti wa Mabruka, alete jina kamili la mama yake, na mwisho ulikuwa Jumatano ijayo. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Akachapa maombi ya sheria kwenda London mbio mbio. Soko zima likapata habari, wanawake wakaleta halwa. Jumatano iliyofuata, asubuhi, faksi ikalia kutoka London: jedwali lilelile la 1896, limeongezwa mstari mmoja. *Sheria ya Taa za Bandari, 1738.* Jina refu likarudi ndani kutoka barabarani, likajikunja hadi likaenea kwenye kiberiti. Vigelegele vikapigwa mpaka mbuzi sokoni wakakata kamba.

"Sasa twende kwa karani, ukanitolee ushahidi wa jina langu," Mabruka aliiambia, huku keshavaa viatu.

Katika ofisi ya majina, Karani Khattab alisimama kumpokea mgeni. "Ahlan, karibu. Jina kamili?"

Sheria ikalitaja. Akaandika, akapiga muhuri.

"Kabila?"

"Sina."

"Hakuna neno, wewe mgeni wetu."

Kisha akafunua faili la Mabruka na kulisoma taratibu.

"Dada yangu, shahidi huyu si wa kabila lako. Njoo Jumamosi, wiki ikianza, inshallah."

"Chuo kinafunga leo."

"Jumamosi," alisema Khattab kwa upole, akamimina kahawa. Sheria ikanywa finjani moja, ikaitikisa vizuri kabisa.

Nje, Maram alikuwa garini, mkoba mpya mapajani. Mabruka aliingia, akafunga mlango.

"Wamesema Jumamosi."

"Jumamosi ipi, mama?"