Nusu ya Masharubu

Watu walimwita Mkasi, na jina hilo alilipata kwa haki: akikunyoa, unatoka umepungua miaka mitano. Kibanda chake kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kirefu na benchi la wanaosubiri. Kwenye rafu, kati ya kopo la poda na chupa ya spiriti, ndipo ilipokaa simu, imeegemezwa ukutani, uso kwa uso na fundi.

Mwanzoni aliitupia jicho kati ya mteja na mteja. Baadaye kati ya sikio na sikio. Mwishowe mashine ikawa inatembea kichwani mwa mtu huku macho yamo kwenye simu: huyu kaanguka bwawani, wale wanatukanana kwa ajili ya mpira, chini yao paka anacheza muziki. Mkewe alisema mpaka akachoka.

"Baba watoto, nikikuuliza swali leo, jibu nalipata kesho kutwa."

"Mm," angejibu Mkasi bila kuinua uso, na hiyo "mm" ilikuwa ya swali la juzi.

Jumanne moja asubuhi akaingia Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani. Masharubu yake yalijulikana mtaa mzima, meusi, mazito, ncha zimesokotwa. Wanafunzi walisema yanaingia darasani kabla yake.

"Punguza pembeni, na masharubu uyaweke sawa kidogo tu," alisema. "Saa nne nina wakaguzi."

"Ondoa shaka, Mwalimu."

Mwalimu akafumba macho. Kwenye simu bwana mmoja alikuwa anapanda ngazi amebeba godoro kichwani, na Mkasi akataka kuona kama atafika. Hakufika. Mkasi akacheka, mkono nao ukacheka, na masharubu ya upande wa kulia yakadondoka kwenye shuka kama kiwavi aliyepitiwa na usingizi.

Mwalimu akafumbua jicho moja, kisha la pili. Akajitazama kulia, akajitazama kushoto, kama anayelinganisha majibu ya wanafunzi wawili.

"Haya nimeyafuga tangu mwaka niliooa," alisema polepole.

"Nisamehe, Mwalimu. Mkono umeteleza."

"Mkono haukuteleza. Macho ndiyo yalikuwa safarini." Akashusha pumzi. "Malizia na huku. Siwezi kuwapokea wakaguzi nusu nusu."

Alipoondoka, mdomo mtupu kama yai, mmoja wa waliokuwa kwenye benchi akakumbuka kwamba ana shughuli. Mwenzake naye akakumbuka. Mkasi akabaki peke yake, akakalia kiti cha wateja. Afadhali angetukanwa, upole ule ulimchoma zaidi. Akafungua mahali simu inapoonyesha muda iliotumika: saa tano na nusu kwa siku, wiki nzima.

"Saa tano!" alijisemea. "Usingizi wenyewe nalala sita."

Jioni alimsimulia mkewe. Mama watoto alicheka mpaka akashika meza.

"Naitupa hii simu," Mkasi akaapa.

"Usitupe, nitakupataje? Ipimie muda tu, kama dawa."

Wakakubaliana: kazini simu ikae kwenye droo ya taulo, iite tu mtu akipiga. Mitandao nusu saa mchana, nusu saa baada ya chakula cha jioni, basi.

"Na wewe?" Mkasi akauliza, maana mkono mmoja wa mkewe ulikuwa chini ya meza tangu mwanzo.

"Mimi nini?" Akajikaza, akashindwa, akacheka tena. Simu yake ikaenda kabatini.

Kesho yake Mkasi alifunga kibanda mapema akaenda shuleni kuomba radhi vizuri. Mwalimu Mkuu alimkaribisha kiti.

"Mke wangu anasema nimerudi kuwa yule kijana aliyekuwa anampelekea barua," alisema, akijipapasa mdomo kwa aibu. "Nimepigwa marufuku kuyafuga tena. Lakini usizoee!"

Siku za kwanza zilikuwa kazi. Kidole gumba kilipanda na kushuka hewani bila kutumwa. Mkasi alipanga vitana kwa urefu, akavipanga tena kwa rangi. Siku ya nne, kwa kukosa la kufanya, akamuuliza fundi bomba aliyekuwa kitini habari za nyumbani. Fundi bomba akazitoa zote. Miaka miwili Mkasi alikuwa anamnyoa mtu yule, na hakujua kwamba ana mapacha.

Wiki ya pili mdogo wake Mkasi akaingia anahema. Waliishi mji mmoja, na walikuwa hawajaonana miezi saba, ingawa kila siku kila mmoja aliisifia picha ya mwenzake mtandaoni.

"Kaka, u mzima? Jumapili nimetangaza uchumba kwenye kundi la familia. Shangazi kaandika, binamu wote wameandika, wewe kimya! Mama kasema nije nikuangalie."

"Uchumba wa nani?"

"Wangu!"

"Salaale! Ndugu yangu, siku hizi naangalia nusu saa tu, na kundi lenu lina 'asubuhi njema' mia mbili. Kaa hapo."

Akamfunga shuka shingoni. Akauliza bibi harusi ni nani, walikutana wapi, anacheka vipi. Mdogo mtu akaeleza, akaeleza, kisha akamtazama kaka yake kwenye kioo.

"Kaka, naogopa kidogo."

Mkasi akazima mashine. "Unaogopa nini?"

"Kwamba nitamchosha. Haya siwezi kuyaandika kwenye kundi."

"Usiyaandike, shangazi atajibu kwa maua." Wakacheka wote wawili. "Mimi nimemchosha shemeji yako miaka kumi na mmoja. Dawa ni moja: akisema, msikilize. Nami ndiyo kwanza najifunza."

Kichwa kimoja kikachukua saa nzima, na benchi lilijaa tena, na hakuna aliyenung'unika, maana wote walikuwa wanasikiliza. Fundi bomba ndiye aliyeuliza, "Sasa harusi lini, na sisi tumealikwa?"