Majaliwa Alikubali Kila Kitu

Careen alikuwa anafagia ofisi ya kata, kazi ambayo haikuwemo kwenye mafunzo yake ya vitendo, mgambo walipomwingiza mtu aliyefungwa mikono kwa kamba.

"Mwizi wa tangawizi," alisema mmoja wao. "Ameshakiri."

Mtu mwenyewe aliitwa Majaliwa, kibarua wa mashamba ya mkonge aliyetokea Kigoma. Alikutwa alfajiri akipita karibu na ghala la wakulima, siku ambayo magunia ya tangawizi yalionekana hayapo. Magoti yake yalikuwa na vumbi jekundu, midomo imepasuka.

"Shikamoo," Careen alimwamkia.

Majaliwa aligeuka nyuma kuona nani anaamkiwa. "Marahaba."

Mtendaji wa kata, Mzee Ernest, alicheka. "Huyo anasoma akili za wahalifu, chuo kikuu kabisa! Hivi binti, ukimaliza utakuwa nani? Askari?"

"Si lazima, mzee. Wengine wanafanya kazi magerezani, wengine mahakamani, wengine na watu waliofanyiwa uhalifu. Mimi nataka kufanya kazi na mahabusu. Naomba nizungumze naye."

"Zungumza. Gari la kumpeleka polisi bado linatafutiwa mafuta."

Careen alivuta benchi, akaketi karibu naye. Chuoni alifundishwa kwamba mtu aliyechoka na kuogopa anaweza kukubali hata asichokifanya. Akamjaribu.

"Lile kufuli la ghala ulilivunja kwa nyundo?"

"Ndiyo, kwa nyundo."

"Ukalitupa mtoni?"

"Ndiyo. Mtoni."

Careen alimgeukia mtendaji. "Mzee, juzi tulikwenda wote pale ghalani. Mlango ule hauna kufuli. Unafungwa kwa kamba ya katani."

Mgambo mmoja alianza kukagua viatu vyake.

"Sasa kwa nini ulikubali?" Careen alimuuliza Majaliwa.

"Walisema nikikubali nitapewa maji."

Careen akainuka, akajaza kikombe kwenye ndoo ya ofisi, akampa. Majaliwa alikunywa mikono ikiwa bado imefungwa, maji yakimchuruzika kifuani.

Mzee Ernest alikunja uso. "Wakulima wako nje wana hasira. Nikimwachia, nitawaambia nini? Polisi watajua wenyewe. Na wewe usisahau, alama zako za fildi natoa mimi."

"Sijasahau, mzee. Naomba basi niende naye, nikawaeleze polisi nilichokisikia."

"Mbele ya gari kumejaa."

"Nitakaa nyuma."

Akapanda nyuma ya pikapu, akaketi juu ya tairi la akiba kando ya Majaliwa. Gari likaanza kushuka mlima kuelekea kituo cha polisi mjini Same.

"Binti," Majaliwa alisema walipopita kona ya kwanza, "huko wakiniuliza, nijibu nini?"

"Unachokijua. Usichokijua, sema hujui."

"Sijui," alinong'ona, kama anayejaribu neno la lugha ngeni.

"Kwa sauti, baba."

"Sijui!"

Kule mbele mgambo aligeuka, akawakazia macho kupitia kioo. Careen naye akamtazama, mpaka mgambo akageukia barabara.