Maji Yaliyowaka Kijani

Mtaani walimwita Daktari, ingawa hajawahi kumchoma mtu sindano. Kazi yake ilikuwa kupima maji maabarani: unadondosha dawa, unamulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau, na dawa ikikutana na zebaki inawaka kijani. Nyumbani alimwachia mama mkwe wake kichupa cha dawa na tochi, apime ndoo ya maji ya bomba kila asubuhi kabla mjukuu hajanywa. Bibi alivyoipenda kazi ile! Asiyemjua angedhani maabara ni yake.

Mchana mmoja mkuu wa maabara alichukua boksi la dawa lililoletwa juzi, akasoma karatasi ya ndani, akaguna.

"Jamani, hii mpya ni kinyume cha ile ya zamani. Kwenye maji safi inawaka. Ikikuta zebaki inazimika. Msije mkachanganya."

Jana yake, kichupa cha Bibi kilipoisha, Daktari alikijaza kutoka boksi hilohilo bila kusoma chochote. Akakimbilia simu. Ya Bibi ilikuwa imezimwa. Alipiga tena na tena, kisha akatoka mbio na koti lake la kazi bila kuaga.

Njiani alijipa moyo. Maji ya bomba hayajawahi kuwa na shida. Bibi akiyaona yanawaka atayamwaga tu, mtoto atashinda na kiu kidogo, basi. Lakini alipoingia uchochoroni kwao alikuta pamelowa chapachapa, na jua lilikuwa kali. Jirani yao, fundi cherehani, akampungia mkono.

"Daktari, Mungu akuzidishie! Bila wewe leo tungekwisha."

Daktari akampita mbio.

Bibi alikuwa mlangoni, mjukuu mgongoni, anajidai kweli.

"Umesikia, mwanangu? Bomba limeingia sumu! Nimepima, ndoo nzima ikawaka kijani. Nikamwaga yote."

"Mtoto amekunywa nini, mama?"

"Tulia basi, nimalize. Nikashuka kwenye kile kisima cha bondeni, kwa wale wanaosafisha dhahabu kwa zebaki. Si tulikuwa tunakiogopa? Nimepima, giza tii! Kumbe tulikuwa tunakisingizia bure. Nikaonja mwenyewe kwanza, nisije nikamponza mtoto, ndipo nikampa. Amemaliza kikombe kizima, maskini, kiu ilimshika. Na majirani nimewaambia, wote wameshachota."

Daktari alimvuta mtoto kutoka mgongoni kwa Bibi, akamnusa mdomo, kana kwamba zebaki ina harufu. Mtoto akacheka, akamshika pua. Daktari alitaka kulia, akakuta machozi hayaji. Kikombe kizima.

Hapo ndipo alipowakumbuka watoto wengine wa uchochoroni. Akatoka nje na wake kifuani, akapaza sauti.

"Mwageni! Mwageni maji!"

Fundi cherehani alikuwa ameketi kizingitini, amempakata binti yake mdogo. Akacheka.

"Ah, Daktari, wasiwasi wa nini? Ya bomba tumeshamwaga zamani, hakuna tone lililobaki."

Akainua kikombe, akampelekea mwanawe mdomoni.